Maua kwenye Tangi

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe ameleta pikipiki yake kubwa ya safari ndefu. Rangi mpya, bluu, inang'aa mpaka nimeona pua yangu kwenye tangi. Kwake mafundi wanabadilisha bati, vumbi tupu. Mwezi wa tano anastaafu. Yeye na mama mkwe watazunguka nayo nchi nzima. Amenichagua mimi niitunze barazani. Mimi, si mwanyumba, yule aliyemwoa mdogo wake mke wangu na ambaye hajakosea jambo tangu azaliwe. Masharti ya fundi wa rangi: mwezi mzima isifunikwe, isipakwe nta, isiguswe ila kwa maji matupu na kitambaa laini. Eti rangi bado inapumua. Nikaitikia kama mtu anayejua rangi inavyopumua.

Jumanne, 4 Machi
Njiwa wa jirani wamenipania. Kinyesi juu ya tangi mara mbili kabla ya chai. Mke wangu kasema niisogeze upande wa pili, mbali na paa. Ushauri rahisi mno. Nimetandua kitambaa cha plastiki cha meza ya kulia, nimeifunika, nimekaza kamba. Rangi itapumua baadaye.

Alhamisi, 6 Machi
Jua kali siku mbili. Nimefunua. Tangi lina maua. Maua ya kitambaa chetu cha meza, pamoja na majani yake, yamejichapa kwenye rangi. Nimesugua kwa dawa ya meno. Sasa ni maua yenye ukungu. Mke wangu alisimama mlangoni, akatazama tangi, akatazama meza tupu, akarudi ndani. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 7 Machi
Baba mkwe kapiga simu kuuliza hali ya mgonjwa, yaani pikipiki. Ulimi ukateleza. Nikasema mwanyumba alipita akaifunika, nilimkataza, hakusikia. Akasema, "Sawa, mwanangu." Hilo "mwanangu" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumapili, 9 Machi
Wamekuja wote. Baba mkwe akapitisha kidole juu ya ua moja, akamuuliza mwanyumba kwa nini aliifunika. Mwanyumba akachungulia meza yetu (mke wangu alikuwa amerudisha kitambaa, makusudi kabisa), akanitazama mimi, kisha akasema, "Nisamehe, baba. Nitairudisha kwa fundi, halafu nitaitunza kwangu." Kabeba kosa langu mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikatumwa viti. Baba mkwe alikunywa chai kwenye meza ileile, kikombe juu ya maua, bila kuniangalia hata mara moja. Anajua.

Jumapili, 23 Machi
Aibu imenitafuna wiki mbili. Leo nimevaa shati safi nikaenda kwa mwanyumba kukiri na kuomba radhi. Hayupo, katoka kidogo. Shemeji kaniambia nimsubiri barazani. Pikipiki ipo, imepakwa upya, nzuri kuliko mwanzo. Juu ya tangi, vumbi. Kidogo tu. Lakini mtu aliyetubu hawezi kuacha vumbi kwenye rangi ya baba mkwe wake. Nikafuta kwa mkono wa shati. Nikasahau kifungo. Mkwaruzo mweupe, urefu wa kidole. Nikakaa, uso unawaka, maneno yote ya toba niliyoyapanga njiani yakanikimbia. Mwanyumba akaingia, akanikumbatia, akauliza kwa upole kilichonileta.
Nikamuuliza kama paka wake ana tabia ya kupanda juu ya pikipiki.