Jina ya kwanza mu boîte ya kilima

Lundi tarehe 4 mars

Mie Néhémie wa mutaa ya Mudzipela, miaka soixante-quatorze, makumi saba na ine. Nimezika bibi wawili wa ndoa, baiskeli ine na bachef wa quartier sita. Vita ilipita hapa mara nyingi. Mie niko. Yenyewe imeenda, banasema.

Leo nina kazi mupya! Mujukuu wangu Solange, mwalimu, alinionyesha muchezo mu telefone yake. Batu wa dunia banaficha boîte ndogo, kisanduku tu, mu majani, banaweka mu telefone namba za kuonyesha fasi ile iko wapi. Weye unatafuta, unafungua, unaandika jina mu kakaratasi ka ndani, unarudisha. Faida? Hakuna! Jina tu! Muzungu mupita-njia aliacha moja ku kilima yetu wiki jana, na hakuna mutu ameandika bado. Jina ya kwanza itakuwa yangu.

Jirani Anselme alisikia nyuma ya ukuta ya lupango. Akasema macho yangu haioni hata bugali mu sahani. Tutaona.

Mardi tarehe 5

NIMEONA! Solange alishika telefone, mie nilishika akili. Boîte ya plastiki, chini ya jiwe, mu shamba ya mutu. Nikapapasa mufuko: bic ya kuandikia hakuna. Nikaangalia nyuma: Anselme anapanda kilima, bic yake inang'aa ku kifua, mu mufuko ya shemizi! Hata sikufungua. Solange akasema tuombe bic kwa Anselme. Mutoto huyu alisoma bure.

Nikavunja matawi ine ya miti ya mupaka, nikapanda kila kona, boîte katikati. Hapa kwetu mutu akiona miti ile, hatie muguu ndani mpaka chef aseme. Anselme alifika, akasimama, akatoa kofia. Nilishuka nikiimba.

Mercredi tarehe 6

Nilipanda na bic tatu. Mwenye shamba, mama Scholastique, alikuwa pale na jembe. Akauliza tangu lini nimekata shamba ya bwana yake marehemu. Nikasema ni muchezo. Akapiga kelele mpaka quartier yote ikapanda kilima. Siku hizi mutu akisogeza mupaka, batu habaulize mara mbili. Bengine balishaanza kufunga vyombo mu bashi, ile turubai, bakimbie vita.

Chef Hippolyte akakuya mbio. Akaamua: hakuna mutu atakanyaga ndani ya miti mpaka bazee bakae. Nikauliza: hata mwenye kupanda? Akasema: «Zaidi weye, muzee!»

Anselme alicheka mpaka akakaa chini.

Jeudi tarehe 7

Bazee kumi balikaa, Anselme naye ndani. Nikaeleza yote. Balikataa: mutu wa miaka yangu hawezi kugeuza mawe ju ya boîte ya bure! Chef akaamuru ifunguliwe mbele ya bote.

Ndani: kifungo ya shemizi, kakaratasi kapya, na krayo, kalamu ya risasi. KRAYO! Ilikuwa mule tangu mardi!

Mama Scholastique akaanza kucheka, akanishika mukono, woga ya batu ikaisha pale pale. Nilinyoosha bic yangu. Chef akasema ngoja, muzee, mapatano bila karatasi haishike, na karatasi yenyewe ni hii. Akatia jina yake. Ya kwanza! Na muhuri! Halafu mama. Halafu bashahidi, bale bazee kumi. Anselme wa tatu, pole pole, herufi kubwa kama za ku mulango ya duka. Mie mwenye makosa niliandika wa mwisho, namba kumi na tatu, kisha nikang'oa miti na mikono yangu.

Samedi tarehe 9

Nimefikiri siku mbili. Mu barua ya serikali, mukubwa anatia jina wapi? Chini! Basi nimeshinda.

Solange anasema kuna boîte ingine mbali, mu pori ya Mambasa. Anselme ameshatafuta pikipiki. Nitamutangulia. Bic sibebe, krayo iko ndani. Nimekata matawi sita, ju pori ya Mambasa ni kubwa, ine haitatosha.

Mwenye mashaka aulize mama Scholastique, ao chef Hippolyte, muhuri yake iko. Anselme musimuulize. Atasema ile ile, lakini na kicheko.