Taa Kubwa na Kipepeo wa Dhahabu

Jumatatu, 4 Aprili

Leo nimeingizwa kwenye matembezi ya kutazama ndege. Sikuomba. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kaniandikisha bila kuniuliza. Eti tangu nistaafu nakaa dirishani kama sufuria iliyosahauliwa. Eti baba anahitaji hewa safi. Mimi! Niliyekula vumbi la kila barabara hadi vumbi likanijua kwa jina!

Msafara ni wa wazee wa mtaa wetu. Anaongoza muuguzi mstaafu. Tunamwita Bibi Darubini, kwa sababu ana darubini shingoni hata akienda kununua chumvi. Tunapita nyuma ya karakana, tunavuka mtaro mkubwa kwa ubao, tunaingia msituni. Msimu wa maua umeanza. Wanasema kila kichaka kimechanua. Wanasema.

Hapa niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Jicho la kulia lina moshi. Lilianza kama kioo cha lori asubuhi ya baridi, ukadhani utakifuta. Nimefuta. Haufutiki. La kushoto nalo limeanza kumwiga mwenzake. Sijamwambia mtu. Mwanangu akijua, ni hospitali siku hiyohiyo, na hospitali ni kisu. Kisu kwenye jicho! Na jicho liko wazi, linakitazama kinavyokuja! Nywele zimenisimama nikiandika.

Lakini bila kisu? Baba yangu mwisho wake alikaa mlangoni, kila hatua ikipita anauliza, nani huyo? Hata mama akipita na ndoo. Nani huyo? Mimi sitauliza hivyo kamwe. Mtu akinijia nasema kwa furaha: Aa, wewe! Haijawahi kukosea. Kila mtu ni wewe.

Leo nusura niumbuke. Niliona kitu cheusi juu ya waya. Nikatangaza mbele ya wote: kunguru, dume, mzima wa afya. Fundi Saa, kizee kidogo aliyetengeneza saa maisha yake yote, mwenye sauti ya mbu, akasema ni kweli, ila kunguru huyu ana mishikio miwili na jina la duka tumboni. Mfuko wa plastiki! Walicheka hadi ndege wa kweli wakaruka. Nikawaambia nilikuwa nawapima.

Fundi Saa aliniuliza kama mimi ndiye yule dereva waliyekuwa wanamwita Taa Kubwa. Nikamjibu ndiye, kwa sababu nilikuwa naona mbuzi gizani kabla mbuzi hajajiona. Akasema balbu nazo huungua. Nimemwandikia deni.

Jumanne, 5 Aprili

Mkwe kauliza kwa nini siku hizi naandika herufi kubwa kama kibao cha duka. Alipita nyuma yangu, nikafunga daftari upesi. Nikamwambia mtu mkubwa huandika makubwa. Hakucheka. Alisimama. Nikasikia anavyopumua. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Lazima nionekane naona. Nimepata mpango. Akili hii ingekuwa na shule ingekuwa waziri.

Nimechukua karatasi ya biskuti, ile ya kung'aa kama dhahabu. Nimekata kipepeo kwa mkasi wa mkwe. Mabawa yake safi kabisa, moja kubwa kidogo, lakini hata mimi sikio moja ni kubwa. Kesho alfajiri nitamfunga kwa uzi kwenye kichaka cha kona ya pili. Keshokutwa msafara ukifika hapo, mimi ndiye nitakayemwona wa kwanza. Kipepeo wa dhahabu! Fundi Saa ameze mate.

Jumatano, 6 Aprili

Nimerudi. Niko hai.

Njia niliijua kwa miguu. Dereva haoni njia tu, anaikariri. Karakana harufu ya rangi, mtaro harufu ya mtaro, ubao unalia ukiukanyaga, kisha udongo laini. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Nikamfunga kipepeo. Safi!

Kugeuka, mtu! Kasimama katikati ya njia, mpana, hana shingo. Nikasema, Aa, wewe! Hajibu. Nikasema habari za asubuhi. Kimya. Nikaona pengine ni mkubwa kuliko mimi, nikampa shikamoo. Hakuipokea! Mtu gani haipokei shikamoo? Nilirudi kinyumenyume kama lori lenye trela, nikaingia kwenye miiba, nikatoka, nikakimbia. Kiatu kimoja kimebaki huko. Mkwe kauliza kiko wapi. Nimemwambia nimempa maskini. Akauliza maskini wa mguu mmoja?

Alhamisi, 7 Aprili

Siku ya aibu. Si yangu. Ya viwanda vya biskuti.

Tulifika kona ya pili. Nilikuwa mbele. Nikanyoosha mkono kama jemadari. Nikasema simameni, msipumue, kipepeo wa dhahabu, huonekana mara moja katika maisha ya mtu. Wakasimama. Hawakupumua. Bibi Darubini akainua darubini. Moyo wangu ulidunda kama injini baridi.

Ndipo Fundi Saa akasogea. Ana kile kioo kidogo cha fundi anachokibana jichoni. Akainama. Akatazama kwa muda. Akasema kwa adabu nyingi kwamba kipepeo huyu ni msomi, ana maandishi bawani. Yanasema: Hifadhi mahali pakavu.

Mama mmoja mnene, wa ghorofa ya chini, alikaa chini kwa kucheka. Mimi nikasema, na nilikuwa nimenyooka kabisa, kwamba watoto siku hizi hutupa takataka ovyo. Fundi Saa akasema naam, na wanazifunga kwa uzi na fundo la dereva.

Kisha akasema tazameni kisiki kizuri hapa njiani, kigogota ametoboa tundu. Nikakigusa. Kipana. Hakina shingo. Kiatu changu pembeni yake. Mungu wangu. Nimekiamkia kisiki.

Kurudi, Bibi Darubini alitembea ubavuni kwangu. Akaniuliza polepole, mzee wangu, macho yako vipi? Nikamwambia kama ya tai. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na daktari aliyekosa wateja. Nilicheka sana. Lakini nilipofika chumbani nilifunga jicho la kushoto, nikajaribu kuutazama mkono wangu kwa la kulia. Niliona mkono upo. Vidole sikuviona. Nilikaa kitandani hadi mkwe akagonga.

Jumamosi, 9 Aprili

Leo nimewanyoosha! Na leo karibu nife. Niandike kwa mpangilio.

Kwanza kuwanyoosha. Ukungu ulikuwa mzito msituni, hakuna aliyeona kitu, hata darubini ilikuwa pambo. Wote wamekuwa kama mimi! Wakanyamaza, wanaogopa kujikwaa. Mimi nikaanza. Nikasema huyo ni tetere, yuko kulia, juu. Huyo kurumbiza. Huyo shore, na mwenzake anamjibu toka ng'ambo. Huyo anayekohoa kama pampu mbovu ni dudumizi. Kigogota yule kule, anagonga mti mkavu, mti mbichi haulii hivyo. Ukungu ukapanda. Bibi Darubini akaangalia mmoja mmoja. Wote sawa! Akasema mzee huyu ana masikio ya ajabu, hajaona mfano wake. Nikamsahihisha. Nikamwambia si masikio, niliwaona.

Mtu aliyesikia bolti ikilia ndani ya injini inayonguruma, ndege ni nini?

Sifa zikanipanda kichwani. Kurudi nikakataa kufuata mtu. Nikatangulia mbele, kichwa juu, napiga mluzi. Nikaufikia mtaro. Nikanyanyua mguu kuweka kwenye ubao.

Ubao haupo.

Mvua ya jana ilikuwa imeusogeza kando; asubuhi nilivuka nikifuata mgongo wa mwenzangu, sikujua. Mguu ulishuka, ukaendelea kushuka. Nikasikia maji chini yangu, mbali. Sikupiga kelele. Sauti ilikuwa imetangulia kunikimbia. Kisha shati likanibana koo. Kuna mtu kanishika ukosi kwa nyuma, mkono mdogo lakini umekaza kama koleo. Tukaanguka wote wawili kwenye nyasi.

Nilijua ni nani kwa harufu ya mafuta ya saa.

Wengine walikuwa mbali, hawakuona. Fundi Saa hakucheka. Ningependa angecheka. Akanipangusa tope mgongoni kama mtu anavyompangusa mdogo wake. Akasema, dereva, ubao ni mweupe, umepakwa chokaa, na uko hatua moja kutoka hapa. Huoni, ndugu yangu.

Akaniambia hata yeye ugonjwa huu ulimpata. Moshi vilevile. Alificha hadi akamrudishia mtu saa ikiwa na mshale mmoja. Akapasuliwa. Eti hakusikia maumivu, eti siku ya pili bandeji ilipofunguliwa aliona vumbi juu ya taa na akalia kwa furaha. Ndiyo maana leo anasoma maandishi ya biskuti. Akasema Jumanne kuna upimaji wa macho bure ukumbini. Niende kwa miguu yangu, la sivyo atamwambia mwanangu.

Anatishia! Na hata kuugua kaniwahi! Sasa nikipasuliwa nitakuwa wa pili. Mtaa mzima utasema Taa Kubwa kamfuata Fundi Saa.

Nimejifunika blanketi mchana kweupe. Bado nasikia maji ya mtaro.

Jumapili, 10 Aprili

Nimefikiria kuugua kitu kingine. Tumbo. Lakini mkwe kapika vizuri, nimekula kabla sijakumbuka.

Sijalala. Nikifumba macho naona kisu. Nikiyafumbua sioni kitu. Bora kisu.

Jumanne, 12 Aprili

Ushindi! Ushindi mkubwa! Nimewahi kupita vizuizi vya polisi na lori lisilo na breki, lakini huu wa leo unazidi.

Mkwe alinipeleka mwenyewe. Fundi Saa kamwambia? Hapana, kumbe tangazo lilibandikwa mlangoni. Alinishika mkono njia nzima. Mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Akasema, baba, lolote watakalosema, tuko pamoja. Nusura nimwambie. Nilifungua mdomo kabisa. Ikatoka chafya.

Ukumbini kuna benchi refu. Mbele binti wa hospitali kasimama na ubao ukutani. Ubao una vidude vyenye meno matatu kama uma, kila kimoja kimeelekea kwake. Binti anaonyesha kwa fimbo, mtu anasema meno yameelekea wapi. Anayeshindwa anaingia chumba cha ndani, kwa daktari, kwa kisu. Anayeweza anakwenda nyumbani.

Mimi ubao nauona kama shuka jeupe. Nilikufa ganzi. Miguu ikataka kuondoka bila mimi.

Lakini benchi lilikuwa refu! Na watu wote walisema kwa sauti! Yule mama mnene wa ghorofa ya chini: juu, kushoto, kulia, kulia, chini. Mzee wa mkongojo: juu, kushoto, kulia, kulia, chini. Masikio yakasimama. Kumbe ni barabara! Juu mlimani, kushoto penye kituo cha mafuta, kulia, kulia tena kwa fundi wa matairi, chini mtoni. Dereva haambiwi njia mara tatu.

Zamu yangu. Binti akaniziba jicho. Nikasema juu, kushoto, kulia, kulia, chini. Akasema babu, subiri kwanza nionyeshe. Nikamwambia binti yangu, mimi nikiona nimeona. Akaziba la pili. Barabara ileile! Foleni ilikuwa imefika nje, binti kachoka, akacheka, akaandika. Nikafutwa kwenye orodha ya kisu.

Mkwe alilia. Alinikumbatia mbele za watu akasema alikuwa na hofu sana, basi ni uzee tu. Shati langu likalowa begani. Sijui kwa nini nilitamani aendelee kulia kidogo ili nisitazame popote.

Bibi Darubini alitoka chumba cha daktari. Akasema, vema, mzee wangu, mguu wangu umevimba, na kwa kuwa macho yako ni ya tai, Alhamisi utatuongoza wewe. Fundi Saa alikuwa pembeni. Akasema tu kwamba yeye atakuwa nyuma yangu, karibu sana. Bila shaka! Nyuma ndiyo nafasi yake. Hatimaye kakubali.

Jumatano, 13 Aprili

Leo nimepumzika kama bingwa. Nimetengeneza kipepeo mwingine, wa karatasi ya chai. Hii haina maandishi, nimeipapasa pande zote.

Asubuhi nilimkuta Fundi Saa getini, nikamsimulia ushindi wangu mwanzo hadi mwisho. Hakujibu neno. Wivu. Mkwe akaita dirishani, baba, mbona unaongea na pipa la maji? Nikamwambia nafanya mazoezi ya hotuba ya kesho.

Sasa hivi mlango wa chumba umefunguka. Kuna kitu kimesimama. Hakisemi. Huenda ni mkwe. Huenda ni upepo na koti langu. Swali la baba limenijia hadi kwenye ulimi. Nimelimeza. Nimesema, Aa, wewe! Karibu!

Hakijakaribia.

Haidhuru. Kesho naongoza. Ubao wa mtaroni sitahitaji kuutazama, njia yote iko kichwani, nimeirudia hadi imenyooka. Juu, kushoto, kulia, kulia, chini.