Kichujio cha Mkaa Mbele ya Seli

Jumanne, 4 Machi

Nimepoteza seli sitini na mbili katika kila mia. Jana saa nne asubuhi, maabarani, mbele ya mashahidi. Shemeji kapoteza hamsini na tisa. Tofauti ya tatu! Hata kuku akikanyaga kisahani anaua zaidi.

Niandike vizuri, ili nikitajirika watu wajue. Kiwanda cha sigara kinataka kichujio kipya, kimoja tu. Mimi nimetengeneza cha mkaa wa vifuu, kwa mikono hii, bila chuo. Shemeji, kaka wa mke wangu, ametengeneza cha pamba, kwa kuniiga. Mkemia wa maabara ana mashine inayovuta sigara yenyewe. Haikohoi wala haiombi kiberiti. Moshi unapita kwenye kichujio, unaingia kwenye maji, na maji hayo yanadondoshewa seli zilizooteshwa kwenye kisahani. Kesho yake zinapimwa zilizobaki hai. Atakayeua chache ndiye mwenye mkataba.

Nilimwambia Mkemia kwamba kila anayevuta mara ya kwanza hupaliwa, kwa hiyo seli zangu zipewe muda wa kuzoea. Hakucheka. Akasema jaribio la jana lilikuwa la mazoezi tu. La Alhamisi ndilo la kuamua.

Mke wangu anasema mimi na kaka yake tunashindania nani anaua polepole. Nikamjibu huo ndio utaalamu.

Jumatano, 5 Machi

Mkaa maradufu! Nikavuta kupima. Haivutiki. Mashavu yalizama mpaka yakasalimiana. Nikapunguza robo. Sasa inavutika, kwa mtu mwenye nia.

Shemeji kapita karakana kuazima koleo. Uongo! Analo. Alikuja kuchungulia. Akaniuliza, "Shem, hiyo ni sigara au jiko?" Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Akaondoka na koleo langu.

Alhamisi, 6 Machi

Mashine imevuta sigara zote mbili. Seli zimelazwa kwenye kabati la joto kama vichanga. Mkemia akasema kesho atazitia rangi kisha asome matokeo. Shemeji akainua mkono, akataka kuelezwa hiyo rangi. Nikatoka nje. Mimi sifundishwi rangi. Nimepaka nyumba tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Msiba!

Nilifika wa kwanza. Mkemia akaitwa kwenye simu. Mezani visahani viwili, vifuniko vimeandikwa MKAA na PAMBA. Nikasogea. Cha MKAA chekundu pyu! Cha PAMBA cheupe, kimetulia kama kimetoka kuoga.

Nyekundu ni nini hapa duniani? Ni hatari. Ni simama. Ni kalamu ya mwalimu. Seli zangu zimechinjwa! Na mfa maji haachi kutapatapa. Nikabadilisha vifuniko, chap! Nikarudi kitini nikipiga mluzi.

Mkemia akarudi, Shemeji nyuma yake. Akatazama. Akakunja uso. Akapindua visahani.

Kumbe chini napo vimeandikwa! Eti watu wa maabara huandika chini, maana vifuniko huhamahama. Hilo hakuniambia mtu.

Kisha akaeleza, kwa ule upole unaouma kuliko kofi, kwamba rangi ile hunywewa na seli iliyo hai. Iliyokufa hainywi. Nyekundu ndiyo uzima! Mkaa: sitini na moja hai katika mia. Pamba: thelathini na nane. Nilikuwa nimeshinda kwa ishirini na tatu! Ningekaa tu kitini, ningeshinda!

Lakini visahani vilivyoguswa havihesabiwi. Jaribio limefutwa. Akauliza nani kagusa. Nikamtazama Shemeji. Nikasema hesabu iko wazi, atafutwe aliyefaidika. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mwizi wa kujiibia mwenyewe anamjua mmoja tu, na huyo kamwoa dada yake.

Mkemia akaongeza kwamba hata sitini na moja si jambo la kujisifia: thelathini na tisa zimekufa, na sigara salama haipo. Nikamwambia kwenye uchaguzi sitini na moja huitwa ushindi wa kishindo. Akaomba nitoke.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu kazungumza na ndoo, na sufuria, na paka wa jirani. Mimi, la. Koleo bado halijarudi.

Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la nani? La rangi! Anayeupaka uzima rangi ya hatari ndiye mchokozi. Lakini sina kinyongo. Nimenunua wino mwekundu, kichupa kidogo, kinaenea mfukoni mwa shati. Safari hii vifuniko sivigusi, naapa. Matone matatu tu kwenye kisahani changu, na seli zote mia zitaamka.

Barua iko tayari. Naipeleka mwenyewe:

"Mkemia, nimehujumiwa na mtu asiyejulikana. Nadai jaribio la tatu, nami niketi karibu na kisahani changu kukilinda. Sitaki 'tutaona'. Sitaki 'njoo kesho'. Unarudia au hurudii? Nijibu kabla ya saa sita mchana Jumatatu. Ndiyo au hapana."