Imbwa ya Tata Ngeleka

Siku ya kwanza, 3 juin

Aibu! Siku ya posho, jumamosi hii, avenue yetu itachagua shefu wake, na shefu wa quartier ametaja batu bawili. Mi, Polycarpe Mbayo, mutu wa akili. Na Tata Ngeleka, mushonaji, mutu wa kucheka na kila mutu. Kucheka ni kazi? Mi njo nilipanga mustari ya maji kwa robinet mwaka jana. Kweli, bamama bawili balipigana. Lakini balipigana ndani ya mustari.

Asubuhi nimepita karibu na lupango ya Ngeleka. Tofali moja ilianguka kwa ukuta ya kiwanja yake. Sikuchungulia. Jicho lilipita tu. Nimeona mugongo ya imbwa: mbavu inje, kidonda ya kamba kwa shingo. Nilihesabu mbavu tisa. Na mutu kama huyu anataka kutawala bengine!

Huguette, bibi yangu, anasema hasikii imbwa yetu Shérif nyuma ya jikoni tangu jana, siku ya yenga. Nimemujibu: imbwa yenye kunyamaza njo inalinda. Anasema: ni wewe ulikataza nisiipe bukari, eti imbwa ya njaa inakuwa mukali. Bibi yangu anakumbuka maneno vibaya sana.

Siku ya pili, 4 juin

Nimepanda pikipiki mpaka Manika, kwa Mama Tshiela. Ni infirmière wa zamani wa hospitali. Sasa anachunga kimbilio ya banyama benye kuteswa. Nilifikiri atashika fimbo tuende. Apana! Eti yeye hana ruhusa ya kuingia lupango ya mutu. Polisi njo iko nayo. Lakini polisi haina pikipiki ya kubeba imbwa, haina fasi ya kuilaza, haina mutu wa kujua vidonda. Basi banaenda pamoja: mama analeta pikipiki, dawa na hata karatasi, polisi inaleta muhuri. Ndoa kamili, inakosa tu mahari.

Nimeomba jina yangu isitajwe. Anasema kwao hakuna vile: mwenye kushitaki anaweka sahihi, tena anatangulia kuonyesha nyumba. Nchi imeharibika! Kisha aliuliza kama nyumbani niko na munyama. Nimesema imbwa moja, afya ya chuma; mabata yetu sikuhesabu. Ameandika.

Siku ya tatu, 5 juin

Commissariat ya polisi. Inspecteur Kazadi njo anaandika mashitaka, pole pole kama mutu anatoa miba. Alitaka kuandika: imbwa imekonda. Imekonda! Karatasi kama hiyo inalala mpaka Noël. Nimemusaidia. "Mifupa yenye kulilia mbingu": yangu. "Kazi ya mutu asiye na Mungu": yangu pia. Nimeongeza kwamba mutu wa hivi hafai kupewa madaraka, hata ya kuku. Inspecteur aliniuliza kama niko na hakika. Nimesema, andika, tata. Nimeweka sahihi mara mbili.

Huguette anataka nikaangalie nyuma ya jikoni. Kesho. Nyuma ya jikoni hakuna kura.

Siku ya ine, 6 juin

Bamekuja! Mama Tshiela, Inspecteur, pikipiki ya magurudumu matatu. Avenue yote inje. Mama Abigaëlle, jirani, ameacha beignets zake ziungue ndani ya mafuta. Mi mbele, kidole juu.

Ngeleka amefungua mulango na kusema karibuni, hata yeye alikuwa anataka kubatafuta. Nyuma yake imbwa, shingo imefungwa kitambaa ya uniforme ya masomo, imeshonwa muzuri. Imbwa imeniona. Imeingia chini ya cherehani na kukojoa.

Shérif! Imbwa yangu!

Eti ilifika kwake siku ya yenga na kipande ya kamba kwa shingo. Eti alikuja kubisha kwangu mara mbili. Ni kweli alibisha. Sikufungua, nilifikiri anakuja kuomba kura!

Mama Tshiela amepima kidonda. Amesema kwa sauti ya chini kwamba kama ingebaki kwangu siku tatu zaidi, ingekufa. Avenue yote imenigeukia. Mi nimegeukia Ngeleka.

Kisha Inspecteur amesoma mashitaka yangu yote mbele ya batu. Kwa "asiye na Mungu" Mama Abigaëlle ameitika amina. Inspecteur ameniangalia. Tata Polycarpe, anasema, umeandika muzuri sana, sina neno ya kuongeza. Nabadilisha tu jina ya mukosaji. Na sahihi yangu iko pale. Mara mbili!

Siku ya tano, 7 juin

Bameamua. Imbwa inabaki kwa Ngeleka, Mama Tshiela atapita kila juma kuiangalia. Mi nitaosha vizimba kwa kimbilio siku ya posho nne, na kila mara nipite commissariat kuweka sahihi. Mutu wa akili, na brosi kwa mukono!

Nimelalamika kwamba ni imbwa yangu. Inspecteur ameniuliza basi ni muguu gani mweupe. Nimesema wa kushoto. Haina muguu mweupe. Huu ni mutego, si haki.

Siku ya posho, 8 juin

Wakati naosha vizimba, Ngeleka amekuwa shefu wa avenue. Kwa makofi. Nimemuuliza Huguette kama alipiga. Anasema alipiga na mukono moja tu.

Siku ya yenga, 9 juin

Sikusali. Niko na kazi. Jana, kuweka sahihi kwa commissariat, nimeona nini nyuma ya ofisi? Mbuzi! Ni ushahidi wa kesi ya wizi. Imefungwa juani, na ndoo mukavu kabisa. Na hawa njo banafundisha batu huruma! Naandika mashitaka dhidi ya Inspecteur Kazadi. Niko ukurasa wa ine. Kesho nitamupelekea mwenyewe aweke muhuri. Akianguka, batahitaji mutu wa kuandika.

Huguette amefika kwa mulango mara tatu. Anauliza nani atapatia mabata maji. Eti tangu jana hayajakunywa. Nimemuambia afunge mulango. Makelele yao yananipotezea maneno.