Namba za Shemeji na Kisima Changu

Jumatatu, tarehe 3
Zahanati inatafuta kisima cha kuiuzia maji. Wataamua Jumatatu ijayo. Ni mimi au Bwana Kifua wa ng'ambo ya barabara, anayetembea kifua mbele kana kwamba mvua humwomba ruhusa. Nikikosa, nafunga kisima na kurudi kubeba mizigo sokoni. Kwa mgongo huu!

Mpimaji aliyeletwa ni nani? Shemeji! Dada mdogo wa mke wangu! Nikajua nimeshaula. Nikamnong'oneza atukumbuke. Akajibu kwamba maji hayana shemeji.

Lakini fundi, jamani! Kwanza alikijaribu kipimo chake cha umeme wa maji kwenye chupa ya maji ambayo namba yake inajulikana, asije akadanganywa na chombo. Akakisuuza mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe. Akapima na joto, maana maji yakipata moto hupitisha umeme zaidi. Nilisahau hata kupiga porojo.

Changu: 410. Cha Kifua: 640. Nimepigwa bao!

Jumanne, tarehe 4
Nimemuuliza Shemeji kijanja, nini huongeza namba. Chumvi zilizoyeyuka, akasema, ndizo zinazopitisha umeme. Akataka kuendelea, nikamwambia inatosha. Mwenye akili haambiwi mara mbili.

Kilo kumi za chumvi. Zote kisimani.

Jumatano, tarehe 5
Nimeazima kipimo cha mwalimu wa kemia. 2,900! Nimeandika kwenye ubao wa kisima: MAJI YENYE NGUVU. Watoto wameutema uji. Nimewaambia hawajazoea nguvu.

Alhamisi, tarehe 6
Shemeji kapita, kasimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akanieleza polepole: namba kubwa, chumvi nyingi. Maji yangu ya Jumatatu ndiyo yaliyokuwa bora. YALIYOKUWA! Kifua alicheka mpaka akakohoa.

Shemeji anataka chupa ya maji ya kisima kesho, ayapime tena. Nimechemsha sufuria nzima ili namba ipungue. Ikapanda! Mvuke umekwenda zake, chumvi imebaki. Basi nimejaza chupa maji ya mvua. Penye nia pana njia.

Ijumaa, tarehe 7
Namba: 18. Shemeji akaitazama, akanitazama mimi, akatazama bati la nyumba. Akauliza kisima changu kimepanda juu ya paa lini. Kumi na nane, akasema, haijawahi kutoka kwenye ardhi ya hapa.

Nilitamani kujitosa kisimani. Lakini mwanamke gani huyu, anayeona mawingu ndani ya chupa! Nimeungama yote, hadi kilo kumi. Mke wangu amefungia chumvi ya jikoni kabatini.

Jumamosi, tarehe 8
Shemeji kaja na pampu, siku yake ya mapumziko! Tukavuta maji, kisima kikajijaza, tukavuta tena. Anapima kila saa na kuandika. 2,900. 1,700. 820. Jioni, 415! Nikapiga makofi peke yangu.

Akasema chumvi yangu itaingia kwenye ripoti vilevile. Akasema pia namba hii haioni vijidudu, hao wana kipimo chao, na chetu kimetoka safi. Nilimsikiliza mdomo wazi. Nikamwambia sijawahi kuona mtu anayejua kazi yake namna ile. Akaniomba nikunje mpira wa pampu.

Jumapili, tarehe 9
Bado tumo! Shemeji amesema zahanati imeyapenda maji yangu, mradi nisiguse kitu. Kesho wakubwa watakuja kushuhudia kipimo cha mwisho, cha uchachu, ile pH. Leo amekijaribu: Kifua 7.4, mimi 7.1. Akaanza kunieleza maana yake. Nikamwambia asijichoshe, somo limeniingia barabara. Akanishika bega, akasema sasa anaweza kulala usingizi. Machozi yalinilengalenga.

Namba ndogo ndiyo bora, na mwalimu wa kemia anasema ndimu huishusha sana. Nimenunua magunia mawili na kisu kipya. Shemeji atajivunia mimi. Nataka sifuri.