Kosa la Kuelewa

Kwa mamlaka liliyopewa, na kwa furaha isiyo kifani, Baraza la Mji wa Castelvispo liliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Machi hakuna mtu yeyote atakayeeleweka mjini bila cheti cha lugha. Raia walielekezwa wasielewe maneno ya asiye na cheti. Wenye cheti waeleweke kwa kadiri ya ngazi yao, bila kuzidisha.

Tangazo hilo niliandika mimi, Ottavio Sgambati, karani mkuu wa Baraza kwa miaka ishirini na sita. Nalisema bila majivuno. Nukta na mikato ni yangu. Fikra ilikuwa ya Meya Leandro Capotosto, mtu aliyesomea Roma na kurudi na mkoba wa ngozi.

Ngazi ni sita, kama zilivyo Ulaya nzima, ila sisi tulizifafanua kwa mahitaji ya hapa mlimani. Mwenye A1 anaweza kusalimia, kutaja jina lake, na kuonyesha mkate kwa kidole. Kuuliza kama mkate ni wa leo au wa jana, hiyo tayari ni A2. B1 anaweza kueleza maumivu, akitaja kiungo kinachohusika. B2 analalamika. Kuhusu C1 tulibishana alasiri nzima, mwishowe tukakubaliana kwamba ni mtu anayeweza kutania na watu wakajua ni utani. Na C2 anaweza kumtukana mwenzake bila kutumia hata neno moja baya. Meya alisema ngazi hiyo mgeni hataifikia, mtu huzaliwa nayo.

Kwenye rasimu yangu nilikuwa nimeandika "mgeni yeyote". Meya akalikata kwa kalamu nyekundu.

"Ottavio, 'mgeni' si neno la kistaarabu. Watu wa mkoa wakilisoma watatuona washamba. Andika 'mtu yeyote'. Wananchi watajua tunamsema nani."

Nikaandika.

Wageni wetu walikuwa kumi na mmoja, na wote walikuja kwenye mtihani wamevaa nguo za kanisani. Wa mwisho kuitwa alikuwa Nanuli, mama wa makamo kutoka Georgia, ambaye kwa miaka minane alikuwa akimtunza Bibi Ersilia, mama mzazi wa Meya. Bibi Ersilia ana miaka themanini na saba na hajawahi kukigusa Kiitaliano cha vitabuni. Husema kilugha chetu cha mlimani tu, na Nanuli alikuwa amekiokota jikoni kwake, wakimenya maharage. Meya mwenyewe alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka tisa. Kwa mama yake huenda Jumapili, dakika ishirini, na kwa mengi anayoambiwa hutikisa kichwa.

Jopo la mtihani lilikuwa Meya, mimi, na Gervasio mwenye duka la dawa. Meya alimwonyesha Nanuli picha ya bwana mmoja mwenye sanduku.

"Bwana huyu anakwenda wapi?"

Jibu sahihi lilikuwa "anakwenda stesheni". Nanuli aliitazama picha kwa makini, kisha akasema kwa kilugha chetu, kwa lafudhi ileile ya marehemu shangazi yangu: "Stesheni, na viatu vilivyong'arishwa hivyo? Huyu ana mwanamke mtaa wa pili. Na mkewe anajua."

Gervasio alicheka hadi miwani ikamdondoka. Nami nilicheka, jambo ambalo baadaye niliingiza kwenye kumbukumbu kama hitilafu ya utaratibu. Meya hakucheka. Ilikuwa dhahiri tumemwelewa mno, na kwa njia isiyotambuliwa na kitabu. Nanuli akapewa A1.

"Miaka minane, Bwana Meya," alisema Nanuli, cheti mkononi. "Mama yako hunisimulia hata ndoto zake."

"Dada, kwa ngazi yako hilo hulijui," alisema Meya kwa upole.

Sheria ilianza vizuri. Mji ulitulia. Wageni walionyesha mikate kwa vidole na kupewa mikate ya jana.

Jumatano ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia. Meya alikuwa chumba cha pili akifanya mazoezi ya hotuba kuhusu mafanikio yetu. Nikaipokea.

"Bwana Ottavio! Bibi Ersilia anajikunja. Upande wa kulia, chini ya mbavu. Anatapika tangu alfajiri, macho yamekuwa manjano. Gervasio amenifungia dirisha la duka la dawa. Gari la wagonjwa nalo linataka maelezo kutoka kwa mtu mwenye ngazi. Mwite Meya, haraka!"

"Dada Nanuli," nilimwambia, "hayo yote ni B1."

"Nini?"

"Kueleza maumivu. Wewe una A1. Unaweza kutaja jina lako."

"Naitwa Nanuli," akasema.

"Vizuri sana."

Baada ya hapo aliniambia maneno manne ambayo, moja moja, hayakuwa na ubaya wowote. Lakini yalipokaa pamoja yalinifanya nikae chini. Alikuwa amefika C2 na sikuwa na fomu ya kulithibitisha hilo.

Nikaandika kwenye daftari: "Mtu asiye na ngazi stahiki amepiga simu. Sababu haikueleweka." Nikapenyeza karatasi chini ya mlango wa Meya, naye, kwa kuwa alikuwa amefikia sehemu ya hotuba inayohusu utu, hakuiona hadi baada ya chakula cha mchana.

Aliyefanya kosa siku hiyo ni Bettina, mwoka mikate. Nanuli aliingia kwake akihema, akasema neno "Ersilia" na kushika tumbo, na Bettina akaelewa. Hakuomba cheti. Alizima tanuri mikate ikiwa ndani, wakambeba bibi kizee wawili, wakamlaza kwenye gari la mikate juu ya magunia ya unga, wakateremka nalo mlima hadi hospitali ya mkoa. Mawe kwenye nyongo. Daktari wa upasuaji alisema saa moja zaidi wangekuwa wanampeleka kwa padri, si kwake.

Niliposikia hivyo nilihisi kitu kifuani. Sikukiandika popote, kwa kuwa sikujua ni cha ngazi gani.

Meya alikwenda hospitali na maua. Mama yake alimgeuzia uso ukutani. Alirudi ofisini amevimba kwa hasira, na kwa kuwa hakuweza kumwadhibu mama yake, akaamuru Bettina ashtakiwe mbele ya Baraza kwa kosa la kuelewa, kinyume cha kifungu cha pili. Adhabu ni kufungiwa tanuri siku kumi.

Mji bila mkate siku kumi! Siku ya shauri ukumbi ulijaa hadi ngazini. Bettina alisimama mbele na aproni yake, mikono imejaa unga. Meya akasoma hukumu kwa sauti nzito. Alipomaliza, Bettina aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Samahani, sijaelewa."

Meya akarudia, polepole.

"Bado," alisema Bettina. "Wewe bwana una cheti?"

"Bettina, usinichezee."

"Sikuchezei, naitii sheria. Karani, hebu tusomee kifungu cha kwanza. Kinasema mgeni, au kinasema mtu yeyote?"

Nilikisoma. Nilikisoma vizuri, maana nilikiandika mwenyewe.

"Mtu yeyote," nikasema.

Mzee mmoja nyuma akapaza sauti: "Jamani, yule pale mbele anasema nini?" "Hata mimi simpati," akajibu mwingine. "Ananong'ona au anaimba?" Meya aligonga meza. Aliita mgambo, na mgambo, ambaye mkewe alikuwa hajanunua mkate, akamtazama kwa huruma na kusema, "Bwana, ningekusaidia, tatizo ni lugha."

Siku nne Meya hakueleweka. Aliagiza kahawa akaletewa maji. Alimpigia katibu wake simu ikakatwa kwa adabu. Barua alizosaini zilirudi na maneno "haisomeki". Asubuhi ya tano aliingia ofisini kwangu, tai imelegea.

"Ottavio, niandikie cheti."

"Siwezi, Bwana Meya. Tangu sheria ilipoanza, mwanajopo lazima awe na cheti chake mwenyewe. Kifungu cha tisa."

"Basi nani anacho?"

Nilifungua daftari la vyeti. Walikuwa kumi na mmoja. Katika mji mzima wa Castelvispo, wageni peke yao ndio waliokuwa na ruhusa ya kuzungumza.

Jopo jipya likaundwa kwa kura. Walichaguliwa Shafiqul, muuza mboga kutoka Bangladesh, ambaye alikuwa na A2 yake safi, na Nanuli. Mtihani ulifanyika hadharani. Bibi Ersilia, aliyetoka hospitali siku ile, aliletwa kwa kiti na kuwekwa mstari wa mbele, blanketi magotini.

Shafiqul alimuuliza Meya kama nyanya za leo ni nzuri. Meya alijibu kwamba hali ya nyanya kwa ujumla inaridhisha. Shafiqul akasikitika, akaandika kitu.

Kisha Nanuli akainuka. Hakuwa na picha mkononi.

"Kuna mama mzee. Anajikunja upande wa kulia, chini ya mbavu. Anatapika tangu alfajiri. Unafanya nini?"

Meya alinyoosha tai yake.

"Ninamfahamisha karani," akasema.

Hakuna aliyecheka, na huo ulikuwa ukumbi ambao hucheka hata mazishini. Mimi nilitazama viatu vyangu. Bibi Ersilia ndiye aliyesema, kwa kilugha chetu, si kwa sauti kubwa, "Huyu mwanangu hajafika hata mlangoni." Meya akamgeukia Nanuli.

"Amesema nini?"

Nanuli akamtafsiria.

Sheria haijafutwa, kuifuta kunahitaji hotuba ya Meya, na Meya haeleweki. Madarasa ni Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, jikoni kwa Bibi Ersilia, maana Nanuli hafundishi mahali pasipo na jiko. Gervasio na mimi tunakaa kwenye benchi, Meya kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni. Wiki ya kwanza tulijifunza maamkizi, ya pili vyakula, ya tatu magonjwa na mahali pa kukimbilia. Tangu ya nne tuko kwenye kuomba radhi. Gervasio alilimaliza somo hilo kwa siku moja, mimi kwa siku mbili, na langu lilikuja na machozi, ambayo Nanuli hakunipunguzia alama.

Sentensi yenyewe ni fupi: "Nisamehe, mama, nimekosa." Meya hulitamka neno la kwanza bila shida. La pili anaanza kulitamka vizuri, hata kwa lafudhi ya kwetu. La tatu halitaki kutoka. Hukohoa, huomba maji, huuliza kama hakuna namna nyingine ya kulisema. Na Bibi Ersilia, aliyekaa dirishani akichambua dengu, humjibu bila kuinua kichwa:

"Rudia."