Herufi Zisizotulia

Jumatatu, 3 Machi

Naapa kuandika yote humu, hata yatakayoniaibisha. Sidhani yatakuwapo.

Nimemaliza herufi zangu! Zote, kwa mkono, bila rula. B ana kitambi. K anarusha teke. Herufi l ndogo ina mkia unaopanda na kuishia kwenye nyota. Nimeziita Tundu, kwa kuwa hazitulii.

Mwalimu wa sanaa amesema zinafaa vichwa vya habari na mabango, si insha nzima. (Nilikuwa nimeshamwandikia insha nzima.) Kisha akasema ubao wowote usomwe kwanza na mtu asiyeujua, ndipo utundikwe. Nimeitikia kwa adabu.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi anafungua mkahawa keshokutwa. Ubao wa mlangoni ameshamwahidi binti yake, yule tunayemwita Rula. Herufi za Rula husimama kama askari kwenye gwaride. Nikamweleza Shangazi kwamba mwenye njaa hataki kukaguliwa, anataka kuchekewa. Akakubali nijaribu. Lakini nikimharibia ufunguzi, nisishike brashi mlangoni pake maisha.

Rula akasema tundu ni shimo, na nitatumbukia mwenyewe. Wivu!

Alhamisi, 6 Machi

Ubao ukapanda asubuhi: “Karibu ule.” Sikumpa mtu ausome. Maneno mawili tu!

Wa kwanza kufika alikuwa seremala wa jirani. Akautazama, akainamisha kichwa, akauliza kwa heshima kama tunalia kabla ya kula au baada. Mkia wa l! Na nyota yake imekaa kama nukta ya i. Mtaa mzima ulikuwa unasoma “Karibu ulie.”

Rula alileta ngazi mbio. Shangazi akatoka jikoni, mwiko mkononi.

“Mwanangu,” akasema, “nimekukosea nini?”

Kumbe seremala alikuwa ameshawaita mafundi wenzake waje kuona. Walipochoka kucheka, wakasikia harufu ya maharage. Wakaingia. Wakafuata washona viatu. Shangazi naye hapitwi na jambo: akazidisha pilipili. Watu wakala machozi yakiwatiririka, wakasema ubao huu haudanganyi. Saa saba mchana sufuria zote zilikuwa tupu.

Rula alikuwa bado juu ya ngazi.

“Shuka, mama,” Shangazi akamwambia. “Nyota usiiguse.”

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Daktari wa meno alikula jana, akalia, akaridhika. Anataka ubao wa kliniki yake: “Tibiwa hapa, ule tena.”

Mwalimu ameniuliza nimejifunza nini. Nimemjibu: kwamba watu wanaipenda l yangu. Akafumba macho kidogo. Rula ameomba ausome ubao kwanza. Nimemkatalia kwa upole. Kwangu yeye si mgeni.

Mkia nimeurefusha. Nyota nimeikuza ionekane hata na mwenye jino linalouma.

Shajara, nijibu leo hii kabla rangi haijakauka: nyota moja itatosha kweli?